Maji ya Mvua na Gundi ya Seremala: Dobi wa Santuri wa Njoro

Saa moja na nusu asubuhi mvua ya masika inaanza kupiga mabati ya Njoro, mjini Moshi, na majirani wanatoka mbio kuanua nguo. Maulida Sadallah naye anatoka mbio, ila yeye anapeleka mabeseni mvuani.

Hayaweki mara moja. Anasimama barazani, mikono kiunoni, akiyatazama maji ya kwanza yanavyoteremka kutoka kwenye bati yakiwa na rangi ya chai. Anayaacha yaende zake. Bati likishajiosha na maji kuanza kushuka meupe, ndipo anasogeza beseni la kwanza, kisha la pili, kisha sufuria ambayo binti yake Rukia anaitafuta jikoni.

“Haya ndiyo maji yangu ya kazi,” anasema huku akijipangusa uso. “Ya bomba yanafaa chai na nguo. Kwenye santuri yanaacha chokaa, na chokaa ikikaa ndani ya mifereji yake, sindano inalia kama imekanyaga mchanga.”

Maulida, mwenye umri wa miaka 54, ni dobi. Alianza kufua na kupiga pasi nguo za watu akiwa msichana, na mpaka leo pasi yake ya mkaa haipoi. Lakini kwa miaka kumi na kitu sasa, watu wanaobisha hodi kwake hawaleti mashuka peke yake. Wanaleta santuri, zile sahani nyeusi za muziki ambazo wazee walizicheza kabla ya kaseti kuja na kuondoka. Wanazileta zikiwa na vumbi, ukungu, mavi ya mende, na mara moja hata uji.

Yeye anaziosha nyumbani kwake, kwa vitu ambavyo karibu kila jiko la Moshi linavyo.

Kazi hii hakuitafuta. Alikuwa akifua kwa Mzee Surjit, Kalasinga aliyekuwa na karakana ya magari upande wa Mawenzi. Mzee huyo alikuwa na kabati zima la santuri: za filamu za Kihindi, za bendi za dansi, hata za kwaya. Macho yalipoanza kumsumbua akamwomba Maulida amsaidie kuzisafisha, kisha akaenda zake Arusha kwenye harusi.

Maulida alitaka kumfurahisha, na aliijua njia moja tu ya kusafisha kitu. Akazitia santuri kwenye karai la maji ya moto na sabuni ya unga, akazisugua kwa brashi ya kola, akazisuuza. Kisha akapitisha kamba ya kuanikia nguo katika matundu yake ya katikati, akazining’iniza juani kwa mstari mzuri kama soksi.

“Nilijiona nimefanya kazi ya maana,” anasimulia, na hapo kicheko kinamzidi. “Nikaenda kula. Narudi, jua la mchana limeshazimaliza. Moja imekuwa bakuli. Nyingine imejikunja kama chapati ya jana.”

Mzee Surjit aliporudi alimkuta Maulida ameshafunga vitu vyake kwenye kanga, anasubiri kufukuzwa. Mzee alichagua santuri iliyopinda kidogo kuliko nyingine, akaiweka kwenye mashine. Mwimbaji akapanda na kushuka kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Mzee akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

“Akaniambia, ‘Mama Rukia, umeua chache, zilizobaki ni nyingi. Sasa jifunze.’ Angenifukuza nisingemlaumu. Kila mteja anayekuja hapa, ni kicheko kile kilichomleta.”

Alijifunza kweli, na shule yake ilikuwa zile zile zilizopinda, kwa kuwa hazikuwa na cha kupoteza. Alijaribu sabuni ya mche, ikaacha utando. Akajaribu maji safi ya betri, yale yasiyo na chokaa, kutoka kituo cha mafuta, yakafaa sana ila yakamla fedha. Mvua ndiyo ilimpa jibu, tena bure.

Siku hizi ana mtindo wake. Maji ya mvua anayachuja kwa kitambaa cha kanga iliyofuliwa mpaka ikalegea. Anatia tone la sabuni ya vyombo, tone kweli, na anamkemea Rukia akitia mawili. Karatasi ya katikati ya santuri, yenye majina ya waimbaji, anaikinga kwa mifuniko miwili ya makopo iliyobanwa na skrubu. Anapitisha brashi laini ya kuchania nywele za mtoto mchanga kwa kufuata mduara, anasuuza, kisha anazipanga kwenye kichanja cha vyombo cha plastiki, ndani, mbali na dirisha. Jua na santuri kwake ni talaka tatu.

Kwa sahani moja hutoza shilingi elfu mbili. Fabian, kijana anayepiga muziki kwenye baa moja ya Shanty Town na ambaye ni mteja wake mkubwa, amewahi kumwonyesha kwenye simu mashine ya Ulaya ya kuoshea santuri. Bei yake ni ya pikipiki. Maulida aliitazama kwa heshima, akarudisha simu, akaendelea na brashi ya mtoto. Wateja wengine humtumia mizigo kwa basi kutoka Dar es Salaam, na mwezi mzuri santuri peke yake humwingizia hadi laki na nusu. Fedha hiyo ndiyo iliyomsomesha Rukia uuguzi.

“Mimi ni mtu wa kushukuru tu,” anasema. “Mzee Surjit alipohamia Nairobi kwa binti yake aliniachia mashine yake ndogo ya kupigia santuri, ya kutumia betri. Andika jina lake. Andika kwamba Maulida anamshukuru.”

Tumeliandika.

Asubuhi hiyo ya mvua mabeseni yalikuwa bado hayajajaa wakati mwanamke mmoja alipoingia uani akiwa amelowa, mikono mitupu. Alimwamkia Maulida shikamoo, akajitambulisha kwa jina la Flavia. Yeye ni mzaliwa wa Tarakea, Rombo, ameolewa Old Moshi, na alikuwa ameteremka mjini kwa ajili ya santuri ambayo hakuwa nayo.

Aliieleza habari yake akitazama chini. Baba mkwe wake, Mzee Elisaria, ana miaka 84. Mkewe, marehemu Aikaeli, alikuwa mwimbaji wa kwaya ya usharika wao, na enzi hizo kwaya hiyo ilikwenda kurekodi santuri moja. Aikaeli anaimba ubeti mmoja peke yake. Nakala za wengine zilishapotea, na sauti hiyo haipo mahali pengine popote.

Mwaka juzi nyumba ilipokuwa inaezekwa upya, Flavia aliogopa mchwa na unyevu. Akafanya kama mama yake alivyokuwa akifanya kule Rombo kwa kila kitu cha thamani: akapandisha santuri zote darini, juu ya meko, mahali ambapo mahindi ya mbegu hukaa mwaka mzima bila kuguswa na mdudu. Moshi wa kuni hulinda mahindi. Santuri uliziramba taratibu, masika mbili. Ziliposhushwa zilikuwa zimevaa masizi mazito yenye kunata kama lami.

“Baba hakunigombeza,” Flavia alisema. “Angenigombeza ningelala usingizi. Aliishika tu ile ya mama, akaifunga kwenye kitenge chake, akaiweka kitandani kwake. Tangu siku hiyo ananiitikia vizuri, anakula ninachopika, lakini maongezi yetu yameisha.”

Maulida alimuuliza kwa nini hakuja nayo. Flavia akajibu kwamba mzee amekataa isitoke. Kwao kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, ndipo wanapoishi na ndipo wanapozikana, na Aikaeli amelala hapo nyuma ya nyumba. Mzee amesema mke wake hateremki mjini.

Maulida aliyatazama mabeseni yake. Kisha akamwambia Rukia atafute madumu.

Alhamisi yake tulipanda Old Moshi na madumu mawili ya maji ya mvua, mashine ya Mzee Surjit iliyoviringishwa blanketi, chupa ya gundi nyeupe ya seremala, na pasi ya mkaa ambayo Maulida hakuieleza ni ya nini. Njia ilikuwa tope, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba.

Mzee Elisaria alitupokea sebuleni, amejifunika koti zito. Alipokea shikamoo zetu, akauliza mgeni ni mtoto wa nani. Maulida akamtajia baba yake, fundi cherehani wa mtaa wa Kiusa, na mzee akakumbuka kwamba aliwahi kushonewa suruali naye. Suruali hiyo, alisema, ilimbana. Maulida akaomba msamaha kwa niaba ya marehemu, na baridi ya chumba ikapungua kidogo.

Jikoni, Flavia alikuwa na supu ya mtori wa ndizi. Kuku wa chakula cha mchana alikuwa amechinjwa na mwenye duka Mwislamu wa njia panda, ili mgeni ale bila wasiwasi. Maulida aliligundua hilo kabla ya kuambiwa, na hajaacha kulitaja.

Kisha mzee akaileta. Akakifungua kile kitenge mwenyewe, akaishika santuri kwa muda kabla ya kumkabidhi.

Ilikuwa nyeusi kuliko weusi wake. Maulida aliigonga kwa ukucha akasikiliza, maana santuri za kale zaidi ni za aina nyingine ngumu, na hizo hazivumilii dawa yoyote. Hii ilikuwa ya plastiki. Hata hivyo hakuigusa kwanza. Aliomba santuri nyingine iliyokaa dari lile lile, akaanza na hiyo.

Maji ya mvua na tone la sabuni vilitoa vumbi, masizi yakabaki. Spiriti kidogo iliyochanganywa na maji ikachafua pamba, masizi yakabaki. Ikafika zamu ya gundi.

Ujanja huu aliupata kwa jirani yake Melkior, seremala. Siku moja alimwona akibandua gundi iliyomkaukia kiganjani. Ilitoka nzima kama ngozi ya nyoka, na uchafu wote wa mistari ya kiganja ukatoka nayo. Maulida alikwenda nyumbani akaimwaga gundi ile juu ya moja ya zile santuri zilizopinda, akangoja ikauke, akabandua. Chini yake palikuwa panang’aa.

Gundi aliyoimwaga kwenye ile santuri ya majaribio ilikuwa bado haijakauka vizuri alipojaribu kuinua ukingo wake. Ikakatika vipande vipande. Vingine vikabaki vimejibana kwenye mifereji, na Maulida akakaa navyo muda mrefu akivilowesha na kuvichokoa.

Huko Njoro gundi hukauka kwa siku moja. Huku juu, masika, hewa yenyewe inalowa. Alimwita Flavia pembeni akamweleza bila kuficha: gundi ikibanduliwa mbichi itaganda ndani ya sauti, na hapo hakuna fundi duniani. Isipobanduliwa kabisa, ni vilevile. Flavia alisikiliza hadi mwisho. Alichouliza ni kama mzee aambiwe.

Mzee aliambiwa. Akakitazama kile kitenge kitupu mapajani mwake.

“Sasa hivi mke wangu hanifikii hata hivyo,” alisema. “Fanya.”

Gundi ilimwagwa kabla ya adhuhuri, nyeupe kama maziwa. Dalili ya kukauka ni kwamba hugeuka kuwa kama kioo. Ilipofika alasiri ilikuwa bado maziwa. Flavia alifungua kinywa kusema kitu kuhusu dari, kule kwenye joto, akakifunga. Maulida aliona, akamshika bega tu.

Hapo ndipo pasi ilipopata kazi. Masika, madobi wa Moshi hukausha mashati ya wateja ndani ya kabati: nguo juu, pasi yenye makaa machache yaliyofunikwa majivu chini, mlango umeachwa wazi kidogo. Maulida alihamisha nguo za mzee, akailaza santuri kwenye rafu ya juu kabisa, akaweka pasi sakafuni mwa kabati. Alikuwa akiingiza mkono kila mara kupima. Joto, alisema, lisizidi la paji la uso la mtoto mzima wa afya. Likizidi, anatoa pasi. Likipungua, anarudisha. Santuri alizoanika juani zilimfundisha kuogopa joto kuliko uchafu.

Hakukuwa na kingine cha kufanya ila kukaa, na jioni hiyo Maulida alizungumzia mipango yake. Anataka kukodi chumba kimoja pale mtaani chenye dirisha lisilopigwa na jua, aweke meza ndefu na matangi ya kuhifadhi maji ya mvua ya mwaka mzima, ili kiangazi kisimkwamishe. Anataka Rukia akiwa na likizo amsaidie kupita vijijini, kwani anaamini katika nyumba nyingi za mlimani kuna santuri zilizonunuliwa kwa fedha ya kahawa ambazo wenyewe wamezisahau.

“Mungu amenipa kazi ambayo hata sikujua ipo,” alisema. “Mtu kama mimi, sikusoma, nikaingia nyumba za watu nikasikia sauti za wazazi wao. Nitaacha kushukuru vipi?”

Alfajiri ya Ijumaa, baada ya kuswali, alifungua kabati. Gundi ilikuwa kioo.

Aliibeba santuri hadi mezani karibu na dirisha. Mzee Elisaria akavuta kiti. Flavia hakuingia, alibaki ukumbini na ufagio ambao hakuwa anafagilia chochote. Maulida akasema bismillahi, akainua ukingo kwa ukucha wa kidole gumba, akaanza kuvuta, polepole, kwa kufuata mduara.

Ilitoka. Ilitoka kwa ukimya, pana, na upande wake wa chini ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea, masizi yote ya masika mbili. Karibu na mwisho ikakatika, kikabaki kipande kidogo kama ukucha. Maulida akadondosha maji ya mvua juu yake, akangoja kilainike, akakigusa kwa ncha ya kitambaa mpaka kikaachia. Kisha akaisuuza, akaikausha, akaigeuza kwenye mwanga. Mifereji ilionekana yote.

Akaiweka kwenye mashine.

Mwanzoni kulikuwa na mkwaruzo, kama mahindi machache yanayokaangwa. Kisha kinanda cha kanisani, kisha kwaya, vijana wengi wenye mapafu mazuri. Mzee hakutikisika. Wote pale walikuwa wanasubiri kitu kimoja, na kilipokuja hakuna aliyehitaji kuambiwa. Wengine walinyamaza, akabaki mwanamke mmoja, sauti yake nyembamba, haina haraka, na kila mwisho wa mstari anaushikilia muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa.

“Alikuwa akikatazwa hivyo na mwalimu wa kwaya,” Mzee Elisaria alisema. “Hakuwahi kusikia.”

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Ubeti ulipokwisha aliomba urudiwe. Maulida akainua sindano akairudisha. Kabla sauti haijaanza tena, mzee alinyoosha mkono kuelekea mlangoni bila kugeuka.

“Mkamwana,” aliita. “Acha huo ufagio. Njoo ukae hapa. Huyu ndiye mama mkwe wako, alifariki hujaja. Hamjawahi kuonana.”

Flavia aliingia akaketi kwenye kigoda kando yake. Kwaya ikaimba, ikanyamaza, na yule mwanamke akaanza. Flavia akainamisha kichwa kuielekea mashine, kama mkamwana anavyofanya mbele ya wakubwa, akasema kwa sauti ndogo:

“Shikamoo, mama.”

Santuri iliendelea kuzunguka. Mzee Elisaria akamjibia mkewe.

“Marahaba, mwanangu.”

Maulida alijifuta macho kwa ncha ya mtandio wake. Alipoanza kukusanya madumu yake, mzee alimshika mkono kwa mikono yake miwili. “Aika, mae,” alimwambia, yaani asante, mama, na akarudia mara kadhaa. Maulida, ambaye Kichagga chake ni cha sokoni, alimjibu kwamba anayestahili shukrani ni Mungu, na baada ya Mungu, Mzee Surjit.

Mzee hakuuliza Surjit ni nani. Tayari alikuwa anafikiria mwisho wa mwaka, watoto na wajukuu watakaporudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza na kwingineko.

“Desemba upande tena na mashine yako,” alimwambia. “Wajukuu wangu wote watakuwa hapa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwamkia bibi yake.”